Sindano ya Malale na Tezi Iliyokaa Juu ya Figo

Nilipokuwa mtoto Kasulu, mtaani kwetu kulikuwa na mama mmoja ambaye uso wake ulibadilika. Simtaji jina, na watu wake wakipita hapa wakasoma watanisamehe. Ndani ya mwaka mmoja uso ulijaa ukawa duara kama sinia, nyuma ya shingo pakaota kinundu cha nyama, huku mikono na miguu ikizidi kukonda. Ndevu zikamtoka kidevuni. Sauti ikawa nzito. Sisi watoto tulimwogopa, na watu wazima walikuwa na maneno yao: eti kala dawa za kunenepa, eti kuna mtu kamfanyia kitu, eti ni mambo ya ukoo wao. Zahanati walimpa dawa ya presha. Mwaka wa pili haukuisha, tukamzika.

Marehemu ambaye hakupimwa huwezi kumpachika jina la ugonjwa, na sitafanya hivyo. Lakini miaka mingi baadaye nilifungua kitabu cha tiba ambacho wala hakikuwa changu, nikakuta ukurasa unaomweleza yule mama kama vile mwandishi alikaa jirani yetu. Ukurasa ule ulihusu uvimbe wa tezi ya adrenali. Nikaendelea kusoma kuhusu dawa zake, na hapo ndipo niliposhtuka mara ya pili, maana moja ya dawa zilizowahi kujaribiwa dhidi ya uvimbe huo nilikuwa naijua kwa jina la nyumbani. Wazee wa Buha wanaijua. Ni sindano ya malale.

Basi hii ni habari ya sindano hiyo, na ya mnyororo wa ajabu unaoanzia kwa mbung'o wa mabonde ya Malagarasi na kuishia kwenye saratani ambayo madaktari wengi humaliza maisha yao ya kazi bila kuiona.

Kwanza tezi yenyewe. Binadamu anazo mbili, kila moja imekaa juu ya figo kama kofia, na uzito wake ni gramu 4 au 5 tu. Mtaalamu wa Italia, Bartolomeo Eustachi, alizichora mwaka 1563, kisha kwa karibu miaka 300 hakuna aliyejua zinafanya nini. Mwaka 1855 daktari Thomas Addison wa Guy's Hospital, London, aliandika juu ya wagonjwa waliodhoofika, wakapoteza hamu ya kula, ngozi zao zikaingia weusi usio wa kawaida, na walipopasuliwa baada ya kufa tezi hizo zikakutwa zimeharibika. Mwaka uliofuata Brown-Séquard akawatoa wanyama tezi hizo, wote wakafa. Ikajulikana kwamba kitu kidogo kama kipande cha limau ndicho kinachomshikilia mtu asianguke. Tezi ina tabaka mbili. Kiini chake hutoa adrenalini, ile inayokufanya moyo uende mbio ukikutana na nyoka. Gamba lake la nje hutoa kortisoli, homoni ya chumvi, na kiasi cha homoni za kiume, hata kwa wanawake.

Saratani ya gamba hilo ni adimu kweli. Takwimu za nchi zinazohesabu wagonjwa wao zinataja mtu 1 au 2 katika kila watu milioni moja kwa mwaka. Ukiambiwa hivyo unaweza kufunga kitabu na kwenda kulala. Lakini hebu tupige hesabu. Sensa ya 2022 ilikuta Tanzania ina watu milioni 61 na zaidi, na Mkoa wa Kigoma peke yake una watu karibu milioni 2 na nusu. Kama kiwango ni hichohicho kwetu, basi kila mwaka Kigoma kuna watu wawili hadi watano wenye ugonjwa huu. Kibondo, Kasulu, Kakonko, Buhigwe, Uvinza, mjini Kigoma: wawili hadi watano, kila mwaka, tangu yule mama wa mtaani kwetu mpaka leo. Mimi sijawahi kusikia hata mmoja akitajwa.

Sasa turudi nyuma.

Mwaka 1916 mambo mawili yalitokea ambayo hayakujuana. Huku kwetu majeshi ya Wabelgiji yalimfukuza Mjerumani, yakashika Kigoma, Ujiji na milima ya Buha. Kule Ujerumani, kwenye maabara ya kampuni ya Bayer mjini Elberfeld, wakemia Oskar Dressel, Richard Kothe na Bernhard Heymann, pamoja na daktari Wilhelm Roehl, walikuwa wakitafuta dawa ya kuua vimelea vya malale. Walianzia kwenye rangi za kutilia nguo. Kabla yao Paul Ehrlich alishagundua kwamba baadhi ya rangi zinaua vimelea hao kwenye panya, ila tatizo la dawa ya rangi ni kwamba mgonjwa anabaki amepakwa bluu au nyekundu mwili mzima. Bayer wakatafuta rangi isiyo na rangi. Walitengeneza kemikali moja baada ya nyingine, na iliyofaulu ikaitwa Bayer 205. Unga mweupe, unayeyuka kwenye maji, unachomwa kwenye mshipa.

Ilikuwa nafuu kubwa, na anayebisha asome habari ya dawa iliyotangulia. Robert Koch alipokuja Afrika Mashariki mwaka 1906 kupambana na malale Ziwa Viktoria, alikuwa na atoksili, dawa yenye aseniki, na baadhi ya wagonjwa wake walipofuka. Msaidizi wake wa zamani, Friedrich Kleine, ndiye aliyethibitisha miaka michache baadaye kwamba kimelea hukua ndani ya mbung'o kabla ya kuambukiza mtu, na akaongoza vita ya malale katika koloni la Wajerumani. Kleine huyohuyo alirudi Afrika mwaka 1921 akiwa na Bayer 205 mkononi. Ila nchi aliyoizoea haikuwa yao tena. Mwaka uleule Mbelgiji alimkabidhi Mwingereza eneo letu: bendera tatu katika miaka mitano! Kleine akaenda kuijaribu dawa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, na Kongo. Ikafanya kazi. Watu waliokuwa wakichungulia kaburi waliinuka.

Wajerumani walificha siri ya kuitengeneza. Wakaiita Germanin, jina linalojieleza, na wapo miongoni mwao waliosema hadharani kwamba mataifa mengine wasipewe dawa hii mpaka Ujerumani irudishiwe makoloni yake. Yaani sisi tuwe chenji ya chupa ya sindano. Mfaransa Ernest Fourneau wa Taasisi ya Pasteur, Paris, akawaharibia biashara: mwaka 1924 alichapisha muundo wa kemikali hiyo baada ya kuikisia na kuitengeneza mwenyewe. Waingereza nao baadaye wakaitoa kwa jina la Antrypol. Jina la kitaalamu lililobaki ni suramini. (Wanazi walikuja kuitengenezea hata filamu, mwaka 1943, kuonyesha jinsi walivyoipenda Afrika. Tuiache.)

Malale ya kwetu si ile inayokwenda polepole ya Afrika Magharibi na Kongo. Huku Tanzania tuna aina kali, inayotoka kwa wanyama wa porini na ng'ombe, na mtu anaweza kufa ndani ya miezi michache. Ilitambuliwa Maswa mwaka 1922, ikasambaa magharibi. Ilipofika Buha, serikali ya Waingereza iliamua kwamba njia ya kumshinda mbung'o ni kuwakusanya watu. Kuanzia 1933, familia zilizokuwa zimetawanyika kwenye mabonde na miombo, kila mtu na mji wake na migomba yake, ziliamriwa kuhama na kukaa pamoja kwenye makazi ya malale. Msitu ulikatwa kuzunguka makazi ili mbung'o akose kivuli. Nyumba za nyuma na mashamba vikabaki porini.

Mwami na watwale walitumika kupitisha amri. Wako waliokubali kwa sababu walishazika wengi, wako waliokataa, wako waliorudi usiku kuchungulia makaburi ya wazazi wao. Na tukumbuke kwamba hii haikuwa mara ya mwisho. Mwaka 1972 ilipoanza Operesheni Kigoma na watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, wazee waliokuwa na umri wa kutosha walikuwa wanahamishwa mara ya pili maishani mwao. Mwanaikolojia John Ford, katika kitabu chake cha 1971 juu ya malale na ikolojia ya Afrika, alisema jambo ambalo wakubwa zake wa zamani wasingelipenda: kwamba watu wa huku walikuwa wanajua kuishi na mbung'o, na ni vurugu za mwisho wa karne ya 19 na ukoloni wenyewe, tangu ng'ombe kufa kwa sotoka hadi vijana kuondolewa mashambani, vilivyoacha pori lirudi hadi mlangoni. Buha tunaelewa hilo la vijana. Manamba wa mashamba ya mkonge Tanga walitoka wapi?

Kwenye makazi hayo na hospitali zake ndiko sindano ilikowakuta babu zetu. Kwa kawaida hutolewa mara tano, kwa wiki kadhaa, gramu moja kila mara kwa mtu mzima. Ilisaidia kama ugonjwa haujaingia kichwani, kwa sababu suramini haipenyi kwenda ubongoni. Aliyekwisha kuanza kusinzia na kuchanganyikiwa alihitaji dawa nyingine ya aseniki. Tangu 1949 ni melasoproli, ambayo inaunguza mshipa kama moto na yenyewe inaua baadhi ya wale inaotaka kuwaponya.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo, maana ndipo kisa changu kilipo.

Suramini ilijulikana mapema kwamba inaumiza figo. Kwa hiyo utaratibu ukawa: kabla ya kila sindano, pima mkojo. Ukiona protini nyingi, simamisha. Hilo liliingia vitabuni, likaingia mafunzo ya wasaidizi wa tiba, na ni jambo jema. Lakini tezi iliyokaa juu ya figo hiyohiyo hakuna aliyeiuliza kitu. Haina mkojo wa kupima. Ikiharibika, mtu hupungua nguvu, hukonda, husikia kizunguzungu akisimama, hutamani chumvi. Sasa fikiria mtu aliyetoka kuugua malale: amekonda, hana nguvu, akisimama anapepesuka. Nani atasema hiyo ni tezi?

Waliokuja kuliona jambo hilo hawakuwa Afrika. Kule Marekani, miaka ya 1930, baadhi ya madaktari walikuwa wanaijaribu Germanin kwa wagonjwa wa malengelenge mabaya ya ngozi yasiyo na tiba. Mwaka 1937 waliripoti kwamba waliofariki walikutwa gamba la tezi za adrenali limeoza. Mwaka 1941 ikachapishwa kazi ya maabara iliyoonyesha kwamba dawa hiyo huharibu gamba hilo kwa wanyama. Ikawekwa kwenye makabati. Vita ya dunia ilikuwa inaendelea, na suramini ilikuwa inaokoa watu, kwa hiyo si vigumu kuelewa kwa nini ripoti ile haikusafiri hadi bomani Kibondo.

Iliamshwa na UKIMWI. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa Kagera, jirani zetu wa kaskazini. Mwaka 1984, kwenye Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani mjini Bethesda, Hiroaki Mitsuya na Samuel Broder na wenzao walitangaza kwamba suramini inazuia virusi visiharibu chembe za damu kwenye chupa ya maabara. Watu walikuwa wanakufa bila dawa yoyote, hivyo ikapelekwa haraka kwa wagonjwa. Haikuwasaidia. Virusi vilipungua kwa baadhi yao lakini hali zao hazikubadilika. Badala yake likazuka jambo lingine: wagonjwa kadhaa wakaanza kuishiwa nguvu, shinikizo la damu likashuka, na vipimo vikaonyesha tezi zao za adrenali zimezimika. Mwaka 1986 hilo likaandikwa kwenye jarida la madaktari.

Na hapo mtu akafikiri kinyume. Kama dawa hii inaua gamba la tezi lenye afya, je, haitaua saratani ya gamba hilohilo?

Mawazo ya namna hii nayapenda. Ni kama mkulima anayeona dawa ya wadudu inaunguza majani fulani akasema, basi hiyo nitaitumia kuulia magugu. Madaktari haohao wa Bethesda wakaanza kuwapa suramini watu wenye saratani ya adrenali iliyosambaa, na mwaka 1990 wakatoa matokeo: kwa wachache uvimbe ulinywea, homoni zikapungua. Lakini dozi ilikuwa ya kutisha. Suramini hung'ang'ania damuni, nusu yake huchukua siku 40 na zaidi kuondoka, na madaktari walitaka kiwango kikae juu muda wote. Wagonjwa wengine walikufa ganzi miguu na mikono, wengine wakapooza. Mwaka 1994 kundi la Ujerumani likiwa na Wiebke Arlt na Bruno Allolio likaandika hukumu fupi: manufaa madogo, madhara makubwa. Ukawa mwisho wa suramini kwa saratani hiyo.

Kabla sijaenda mbele, niwatoe hofu wenye babu waliochomwa: dozi ya malale ni ndogo sana ukilinganisha na ile ya Bethesda, na aliyechomwa sindano tano akapona na kuzeeka hana sababu ya kuanza kulala macho leo.

Dawa iliyobaki dhidi ya saratani hii mpaka sasa ni mitotani. Nayo asili yake? Sumu ya wadudu! Mitotani ni mtoto wa DDT, kwa usahihi zaidi ni aina moja ya DDD, ndugu yake wa karibu. Baada ya 1945 DDT ndiyo iliyotazamiwa kummaliza mbung'o. Waingereza waliijaribu Afrika Mashariki, wakaimwaga hata kwa ndege, na kituo cha utafiti wa viuatilifu kilichokuwa Arusha ndicho kilichokuja kuwa TPRI tunayoijua. Ndugu yake DDD ilimwagwa kwenye ziwa la Clear Lake, California, mwaka 1949, kuua visubi vilivyowasumbua wavuvi, na ndege wa ziwa hilo wakaja kufa kwa mamia. Rachel Carson alilieleza kwenye Silent Spring mwaka 1962. Mwaka huohuo wa 1949 watafiti wawili wa Marekani, Nelson na Woodard, walikuwa wanawalisha mbwa DDD kupima usalama wake. Mbwa walipopasuliwa, gamba la tezi za adrenali lilikuwa limekauka. Viungo vingine, nafuu. Miaka 10 baadaye, 1959, Bergenstal na wenzake waliwapa dawa hiyo binadamu wenye saratani ya adrenali, uvimbe wa baadhi yao ukapungua. Mwaka 1970 ikasajiliwa Marekani kwa jina la Lysodren.

Kwa hiyo dawa mbili zilizowahi kulenga saratani hii moja adimu, suramini na mitotani, zilianzia kwenye vita ileile: moja ya kumuua kimelea, nyingine ya kuua wadudu. Zote mbili ziligunduliwa kwa madhara yake. Na la kwanza kati ya madhara hayo lilikuwa linapita kwenye mishipa ya watu wa Buha na Busoga na Katanga miaka yote hiyo, bila mtu kutazama juu ya figo.

Nasema bila mtu, lakini nitakuwa sijatenda haki nisipotaja watu waliokuja kutazama. Ni haohao Arlt na Allolio, pamoja na Martin Reincke na daktari wa Uganda, Dawson Mbulamberi, aliyekuwa kwenye mpango wa taifa wa malale. Wakapima tezi za wagonjwa wa malale wa Uganda, malale ya aina ileile kama yetu, wakachapisha mwaka 1994. Walikuta kwamba sehemu ya wagonjwa tezi zao zilikuwa zimelegea hata kabla ya kuchomwa sindano. Ugonjwa wenyewe ulishaanza kazi hiyo. Yaani yule mzee aliyepepesuka njiani kutoka hospitali huenda alikuwa na sababu mbili za kupepesuka, na wote walidhani ni uchovu tu.

Tuje kwenye kuutambua uvimbe, maana historia hii yote haina faida kwa mtu mwenye shangazi anayevimba uso leo.

Zaidi ya nusu ya uvimbe wa aina hii hutoa homoni, na homoni ndizo zinazopiga kelele. Kortisoli ikizidi: uso duara, kinundu shingoni, tumbo kubwa na miguu membamba, michirizi mipana tumboni na mapajani, ngozi inayochanika ovyo, mapaja kukosa nguvu kiasi kwamba mtu anashindwa kuinuka alipochuchumaa, presha na sukari kwa mtu ambaye umri wake haufanani nazo. Homoni za kiume zikizidi kwa mwanamke: ndevu, sauti nzito, hedhi kukoma. Kwa mtoto mdogo: nywele za utu uzima kabla ya wakati. Kinachotofautisha saratani na magonjwa mengine ya kotisoli ni kasi. Hii ni miezi, si miaka, na mara nyingi dalili za kortisoli na za kiume huja pamoja. Usiotoa homoni hukaa kimya hadi mtu anapoushika kwa mkono ubavuni. Wengi hugunduliwa ukiwa umepita sentimita 10.

Huku kwetu kuna kikwazo ambacho vitabu vya Ulaya havikisemi sana. Mtu mwenye uso duara Kasulu, mara nyingi sababu ni duka la dawa. Kuna deksamethasoni zinazouzwa kama vidonge vya kunenepesha, na kuna mafuta ya kujichubua yenye dawa za jamii ileile. Zote huleta sura ya kortisoli bila uvimbe wowote. Kwa hiyo daktari akiuliza kwa hasira "unatumia mkorogo?", anauliza swali sahihi. Kosa ni kuishia hapo. Mama akisema hatumii, na ndevu zinamtoka, mkorogo hauoti ndevu za haraka namna ile, na dawa ya presha peke yake si jibu.

Mashine ya ultrasaundi inaweza kuona uvimbe mkubwa juu ya figo kama anayepima amepania kutazama hapo. Halafu ndiyo safari. Kutoka Kasulu unapanda basi kupitia Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, mpaka Mwanza, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Bugando, kupiga picha ya CT na kupimwa homoni; wengine hufika hadi Muhimbili na Ocean Road, Dar es Salaam. Kabla ya kisu lazima ihakikishwe si uvimbe wa kile kiini cha ndani kinachotoa adrenalini, kwa sababu huo ukiguswa bila maandalizi presha hupanda ghafla na mgonjwa anaweza kufia mezani. Upasuaji ndio tiba yenye tumaini la kupona kabisa, na sharti lake ni moja: uvimbe utoke mzima, ganda lake lisipasuke. Ukipasuka, mbegu zimemwagika tumboni. Ndiyo maana wataalamu hukataza kuuchoma sindano kuchukua kipande kama unaweza kutolewa wote.

Baada ya hapo, mitotani, kwa miaka. Ni dawa ngumu: kichefuchefu, kizunguzungu, na lazima kiwango chake damuni kipimwe kikae kati ya miligramu 14 na 20 kwa lita. Na kwa kuwa inaua hata tezi nzima ya upande wa pili, anayeimeza lazima ameze haidrokotisoni kila siku, akikosa anaanguka kama wagonjwa wa Addison. Kwa walio na saratani iliyosambaa, jaribio kubwa lililochapishwa 2012 lilihitaji nchi 12 kupata wagonjwa 304, na lilionyesha kwamba mitotani pamoja na dawa tatu za mishipani hurefusha muda kabla ugonjwa haujaendelea. Nchi 12! Ugonjwa adimu hakuna nchi inayoweza kujifunza peke yake, na katika hesabu ya namna hii wagonjwa wetu wawili hadi watano wa kila mwaka ni hazina ambayo haijafunguliwa.

Malale nayo imebadilika. Wagonjwa wamepungua sana, ingawa Kibondo na Kasulu, zenye mapori ya Moyowosi jirani na wakimbizi waliopita na kukaa tangu miaka ya 1990, zilibaki kwa muda mrefu miongoni mwa wilaya za kuangaliwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza fexinidazoli, vidonge vya kumeza, kwa aina yetu ya malale. Baada ya karne moja, suramini inaanza kupumzika.

Kipimo cha kwanza cha kortisoli, kwa anayetaka kujua, ni rahisi kushinda vyote nilivyotaja. Mgonjwa anameza miligramu 1 ya deksamethasoni saa tano usiku, anatolewa damu saa mbili asubuhi. Tezi yenye afya itakuwa imenyamaza, uvimbe haunyamazi. Kidonge ni kilekile cha kunenepesha, kipo kila duka la dawa Kasulu. Ni ile damu ya saa mbili asubuhi ambayo mara nyingi inataka basi la Mwanza.